Mwimbaji wa Betri za Juani

Kila masika yalipoikata barabara ya Kitura, sisi watumishi watatu tulioletwa kutoka mikoa mingine tulibaki na kaseti moja ya bendi ya roki ya Wazungu, yenye wimbo mmoja uliojaza upande mzima. Betri za redio yetu zilipochoka tulizianika kwenye kichanja kitupu cha kahawa, jua likichungulia, kisha tukarudi kubishana. Mwalimu alimtetea mpiga ngoma. Muuguzi alikuwa mtu wa kinanda. Mimi, bwana shamba, niliyeomba uhamisho kila mwaka bila kujibiwa, nilikuwa wa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kujivuta, sauti ya mtu asiye na pa kwenda.

Serikali ilipofungulia biashara ya nje, maduka ya Mbinga yakajaa bidhaa, na mwalimu akarudi kutoka huko na betri mpya. Tukaziweka. Wimbo ukatoka mbio, ukaisha kabla chai haijapoa. Mwimbaji wangu akawa na sauti nyembamba, ya kijana anayewahi basi.

Muuguzi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Bwana shamba, kumbe mzee wako ni kijana! Betri chovu ndizo zilizomzeesha, zikizungusha kaseti kwa kujikokota."

Mwalimu naye akacheka. Mimi nilipandwa na hasira. Nilizichomoa betri zao, nikarudisha zile kuukuu.

"Huyo kijana aende zake," nikawaambia. "Mimi namtaka yule niliyekwama naye."