Kichaka cha Upande wa Kushoto

Baba yangu alichora milima kwa miaka ishirini na sita, na katika milima yote hiyo hamna mtu hata mmoja. Hamna mchungaji, hamna anayeteka maji, hamna hata nguo iliyoanikwa. Ukimuuliza sababu anakujibu kwamba watu hawatulii. Mlima unatulia, mtu anajikuna.

Alianza kama fundi wa mabango. Vinyozi, maduka ya dawa, gereji, vibao vyote vya mtaa wetu viliandikwa kwa mkono wake, mpaka mashine za kuchapa mabango zilipoingia na kazi ikamkauka mkononi. Wenzake wakaenda kupaka nyumba za watu rangi. Yeye akabeba stendi yake ya mbao na brashi akatoka nje ya mji kuchora vilima, na majirani wakasema amechanganyikiwa. Kwa kuwa alitembea na mwavuli mkubwa wa kuikinga kanvasi na jua, walimbandika jina la Mzee Mwavuli. Mpaka leo, ukiulizia jina lake halisi pale mtaani, utarudi mikono mitupu.

Mama hakusema amechanganyikiwa. Alikuwa fundi cherehani, na kila Jumamosi alifunga duka lake, akabeba chupa ya chai, kigoda cha baba na nguo za wateja zilizobakia kushonwa vifungo, wakaondoka pamoja. Baba alikuwa na masharti yake, mengine ya kuchosha. Picha huanzwa na kumalizwa palepale, nyumbani haiguswi. Kisichoonekana hakichorwi. Na mama asikae mbele yake. "Sogea kidogo, unaniziba," alimwambia kila Jumamosi, na kila Jumamosi mama alijisogeza na sindano yake bila kununa. Mimi ningenuna. Ningemwachia kigoda chake akibebe mwenyewe.

Mara moja tu baba alijisahau. Mama alipitiwa na usingizi kwenye nyasi, shati la mteja kifuani, kitambaa cha njano kichwani, na baba akamchora. Kitu kidogo tu, ukubwa wa kidole gumba, upande wa kushoto chini ya mlima. Mama alipoamka akaiona, akacheka, akasema, "Kumbe na mimi nimo." Baba akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja kama kawaida yake, akaona ile njano inavuta jicho na kuunyang'anya mlima nafasi. Mama alipokwenda kukusanya vitu, huku nyuma baba akamwondoa, akaweka kichaka.

Mama alinisimulia jioni ileile, akikata uzi kwa meno. Alisimulia kama kichekesho, na kikawa kichekesho cha nyumba nzima. Akichelewa mahali, alifika mlangoni akisema kichaka kimerudi. Picha yenyewe ilinunuliwa na daktari wa meno, akaitundika kwenye chumba cha kusubiria, ambako watu wengi sana wameutazama mlima ule wakiwa wameshika mashavu. Mama naye alipokwenda kung'olewa jino alimwonyesha kila aliyekaa pale, shavu limemvimba, kwamba pale kwenye kichaka kuna mtu, na mtu huyo ni yeye. Nimo, aliwaambia, nimefunikwa tu.

Lakini siku moja tukiwa wawili dukani aliniuliza, bila kuinua macho kwenye cherehani, hivi ile njano ilikuwa mbaya kiasi gani. Nilimkasirikia baba wiki nzima, naye hakujua kosa lake.

Mama alifariki mwaka juzi, baada ya kuugua mwezi mmoja. Picha za simu zipo, ila mama alikuwa mtu wa kukakamaa mbele ya simu, uso umekaza kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Baba alizitazama akanirudishia, akasema huyu siye. Akakaa mbele ya kanvasi tupu sebuleni asubuhi tatu mfululizo, akijaribu kumchora bila kumwona. Mkono wake ulikuwa umezoea kupokea kutoka kwenye jicho, na jicho lilikuwa halina cha kuupa. Siku ya nne nikamkuta amezipanga ukutani picha zake zote za zamani ambazo hazikununuliwa, anazipekua kona kwa kona, na machozi yanamtoka waziwazi. Baba yangu. Sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini.

Mimi na kiherehere changu nikasema, "Baba, mama yupo kwa daktari wa meno. Yupo chini ya kile kichaka."

Akaenda kuvaa viatu.

Daktari hakutusumbua, alikubali kubadilishana na mlima mwingine. Tukailaza ile picha juu ya meza ya jikoni, baba akatoa kile kisu chake chembamba cha kuchanganyia rangi, akaanza kukwangua kichaka. Alikwangua polepole, anapuliza unga wa kijani, anakwangua tena. Mimi nilisimama begani kwake nikisubiri njano. Ikatokea nyeupe. Akapanua kidogo, ikazidi kuwa nyeupe. Ilikuwa kanvasi yenyewe, safi.

"Nilimfuta kwanza," alisema. "Ukipaka rangi juu ya rangi mbichi inachafuka. Huwa nafuta kwa kitambaa na tapentaini, ndipo naweka nyingine."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa naomba tu iwe siku ile nilifanya uvivu."

Hakuwa amefanya uvivu. Nilitaka kumfokea, nikamshika bega.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nifunge kile kitambaa cha njano twende mlimani. Sura na umbo nimevichukua kwa mama, hata watu wa mtaani huniita kwa jina lake nikiwa nimewapa mgongo. Nikabeba chupa ya chai na kigoda. Alinionyesha pa kukaa, mbele yake kabisa, nami nikalala kwenye nyasi na shati kifuani nikafumba macho. Asubuhi nzima nilisikia brashi ikigusa kanvasi. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Niliamini safari hii tunaye.

Brashi iliponyamaza nikaenda kuangalia. Mlima ulikuwepo, nyasi zilikuwepo, anga ilikuwepo. Upande wa kushoto palikuwa na mahali peupe, ukubwa wa kidole gumba.

"Nilidhani nikikutazama wewe nitamwona yeye," alisema. "Nimekuona wewe, mwanangu. Wewe tu."

Nikamwambia basi anichore mimi, haidhuru. Akatikisa kichwa, akafuta brashi zake moja moja na kuzifunga. Nilitaka kumsaidia kukunja stendi, akaniomba nisogee kidogo, namziba. Nikasogea. Alibaki kwenye kigoda akizitazama nyasi nilizokuwa nimezilalia zikiinuka taratibu, mpaka zote zikasimama.