Risasi Kumi za Chuma Mpya

Mama mdogo amekuwa mlinzi wa kampuni moja kwa miaka kumi na moja, na kwa muda mrefu hapakuwa na aliyemshinda kwa shabaha. Wenzake walimwita Chuma. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babu, na sisi nyumbani tulipotaka atukubalie jambo, tulianza kwa kumwita hivyo.

Kisha akaajiriwa binti mwembamba, mke wa fundi seremala, ambaye siku ya kwanza alishika bastola kama ameshika panya aliyekufa. Miezi minane baadaye, walinzi wakaanza kumwita Chuma Mpya.

"Chuma Mpya!" mama mdogo alimwambia mama yangu jikoni, akivikatakata vitunguu kana kwamba vimemkosea. "Sasa dada, yule akiwa mpya, mimi ni nini? Skrepa?"

"Wewe ni mzee wa kazi."

"Umeona? Na wewe unaniita mzee!"

Ilibidi nigeukie dirishani ili asinione ninavyocheka.

Mazoezi yao hufanyika ndani ya ghala la zamani. Humo wamejenga vyumba kwa mbao na matairi yaliyojazwa mchanga: sebule, korido, chumba chenye kitanda kibovu. Katika vyumba hivyo husimamishwa watu sita wa karatasi. Miili yao ni ileile siku zote, ila mikono hubandikwa kwa gundi: leo huyu kapewa bastola, kesho kapewa simu au funguo. Mlinzi anapoingia, jambo la kwanza ni kutazama mikono. Mwenye silaha hupigwa risasi mbili. Asiye na silaha haguswi. Ukimpiga huyo, umefeli, hata kama wengine wote umewapata katikati ya kifua.

Mwaka huu kampuni ilitangaza kwamba itachagua mkufunzi msaidizi mmoja, kwa jaribio la kupita vyumba hivyo. Kwa mama mdogo nafasi hiyo ilimaanisha kuondoka lindoni, ambako husimama getini saa kumi na mbili kwa siku huku goti la kulia likimvimba. Lakini sidhani kama ni goti lililomnyima usingizi.

"Viatu vyake vinasifiwa," aliniambia. "Miguu yake inasifiwa. Eti, 'Tazameni anavyoingia mlangoni.' Kwani sisi tulikuwa tunaingilia dirishani?"

Wiki tatu alifanya mazoezi nyumbani kwetu, rimoti ya televisheni mkononi, akichungulia kila mlango kabla ya kuingia. Asubuhi moja alimkuta baba akinyoa ndevu mbele ya kioo cha korido. Alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso.

"Shemeji, ni wembe tu," baba alisema, akainua mikono yote miwili.

Siku ya jaribio nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi nje ya ukuta mnene, kila mtu na vikinga masikio vyake. Chuma Mpya aliitwa kwanza. Kabla ya kuingia, aliinama mbele ya mama mdogo.

"Dada, niombee."

"Nakuombea, mdogo wangu."

Mlango ulipofungwa, mama mdogo akanigeukia. "Nimemwombea kweli. Sikusema tu nimeomba nini."

Halafu akasogeza kikinga cha sikio moja. Milio ilianza, miwili miwili. Vidole vyake vilikunjwa kimoja kimoja juu ya paja, nami nikadhani anasali. Milio ilipokoma, ngumi zake zote mbili zilikuwa zimefungwa.

"Kumi," alisema polepole. "Wenye silaha watano. Mmoja ndiye hana."

Chuma Mpya akatoka akitabasamu, na mkufunzi, mwanajeshi mstaafu mwenye maneno machache, akamfuata. "Safi," alimwambia. "Safi kabisa." Mkufunzi akarudi ndani na gundi yake, akakaa humo kitambo. Kila mlinzi anajua kwamba kati ya mtu na mtu mikono hubadilishwa. Mama mdogo ndiye huwaeleza wageni jambo hilo. Lakini wakati ule hakuutazama mlango. Alikuwa akimtazama yule binti anavyokunywa maji.

Zamu yake ilipofika, mimi nami nikahesabu. Mbili. Mbili. Mbili. Mbili. Kisha kimya kirefu, hadi nikaanza kuogopa. Hatimaye mbili za mwisho. Kumi! Nikasimama kumpongeza.

Mkufunzi alitoka nyuma yake akiwa amekunja uso.

"Yule wa kitandani, mwenye simu, ulimwona," alimwambia. "Ukashusha bastola, ukampita. Vizuri. Ukafika mlango wa kutokea, ukasimama. Halafu ukarudi ukampiga mbili za kifua. Chuma, ulirudi kufanya nini?"

"Nilidhani kuna mmoja amebaki, afande."

"Wenye silaha walikuwa wanne, na wote ulikuwa umeshawapiga. Nani alikwambia amebaki mmoja?"

Mkufunzi akamtazama Chuma Mpya, akamwambia aanze Jumatatu.

Desturi yao ni kwamba aliyempiga asiyestahili humziba matundu mwenyewe kwa vipande vya karatasi na gundi. Niliingia nyuma ya mama mdogo nikiwa nimemshikia mkasi. Chuma Mpya naye akaja bila kuitwa, akaibana karatasi kwa viganja ili isikunjamane.

"Pole, dada. Hata mimi huyu wa kitandani alinitisha."

"Wewe ulimpiga kwa haki. Zako kumi zilikuwa halali zote."

Viganja vya yule binti vikatulia juu ya karatasi. "Umejuaje kwamba nilipiga kumi?"

Kuhesabu risasi za mwenzako ni kosa la kumtoa mtu kwenye mazoezi kwa miezi sita. Sauti ya mkufunzi ilisikika koridoni, akiuliza kama tumemaliza.

"Bado kidogo, afande," Chuma Mpya akaitikia. "Gundi haijashika." Akachukua mkasi mkononi mwangu, akakata kipande kingine.

Tulitembea hadi barabara kuu.

"Hatasema," nilimwambia mama mdogo hatimaye, nikidhani namfariji.

"Najua hatasema. Ndicho kinachoniuma." Alihamishia begi bega la pili. "Ningekuwa mimi, ningesema palepale."