Nilimlipia Kodi Asiyekuwepo

Mwaka ambao wanawake nasi tuliambiwa tulipe kodi ya maendeleo, nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine amefikia umri wa kuchunga mbuzi. Tulikaa Isansa, kwenye kijiji ambacho serikali ilikuwa imetupanga kwa mistari, nyumba na nyumba, kama miche ya kahawa. Kahawa tulikuwa nayo. Mtu akisikia kahawa anadhani tulikuwa na fedha. Tulikuwa na miti.

Habari ya kodi tuliipata mkutanoni, mbele ya ofisi ya kijiji. Katibu alisimama akasema kila mtu mzima atalipa, mume na mke, na asiye na stakabadhi asijisumbue kwenda mnadani, maana mgambo watakuwa njiani. Wanawake tukacheka. Tulidhani amekosea kusema. Baba zetu walilipa kodi ya kichwa miaka mingi, baadaye tukaambiwa imefutwa, na hata ilipokuwepo hatukuwahi kusikia kichwa cha mwanamke kikihesabiwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, akanyoosha mkono.

"Katibu, mimi serikali nimeshailipa. Nimeizalia watoto saba."

"Basi shangazi, umefanya vizuri. Hao saba nao wakikua watalipa."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko cha mara ya pili kilikuwa kifupi.

Haukuwa mwaka wa kucheka. Sabuni haikupatikana, tulifulia majivu. Jembe la mume wangu lilikuwa limelika mpaka likawa kama mwiko. Duka la kijiji lilikuwa na mizani, rafu na muuzaji, basi. Chumvi ilitoka upande wa Zambia kwa njia za porini, na aliyekamatwa nayo aliitwa mhujumu uchumi. Kahawa yetu tulikuwa tumeshaipeleka ghalani, imekauka vizuri, hakuna aliyeilalamikia. Malipo ya kwanza yalikuja yakaishia kwenye deni la dawa ya kunyunyizia. Tukawa tunangoja malipo ya pili.

Mume wangu alikuwa mtu wa matumaini, na niseme wazi kwamba jambo hilo lilinichosha. Kila alipotoka shambani alipitia ghalani kumuuliza karani, kisha akaja kuniambia jibu lilelile.

"Mama, fedha iko njiani."

"Inakuja kwa miguu?"

"Ikija kwa miguu ndiyo itafika. Magari hayana petroli."

Alikuwa na namna hiyo ya kunichekesha nikiwa sitaki kucheka.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu, na ilikuwa kubwa kuliko kodi. Kaka yake mkubwa alivuka mpaka zamani, kabla ya Uhuru, akaenda kwenye migodi ya shaba, hakurudi tena. Mama mkwe wangu alikufa akiwa bado anamtengea kiti. Sasa mambo yalipokaza, wanaume wa kijijini wakaanza tena kwenda Tunduma, na wakifika Tunduma wanaingia upande wa pili, kulima na kuvuna mashamba ya watu. Wengine walirudi na blanketi na sabuni. Wengine hatukuwaona. Mume wangu alipotaja jambo hilo mara ya kwanza nilimwambia, "Wewe hutavuka. Nitaipata hiyo kodi, yako na yangu."

Nilichokitegemea kilikuwa zamu yangu ya pombe.

Kijiji kilikuwa na kilabu kimoja, na wanawake tulipika komoni kwa zamu, kwa sababu tukipika wote siku moja hakuna atakayeuza. Mwenye zamu ndiye mwenye kilabu siku hiyo. Zamu yangu ilikuwa mbali, baada ya msimu wa kodi kwisha. Wifi akanipa ya kwake. Kumpa mtu zamu si jambo dogo, ni kumpa chumvi yako na mafuta yako ya miezi. Nilipomshukuru alisema, "Usinishukuru. Sitaki ndugu yangu wa pili aende kuliwa na Zambia."

Nikalowesha ulezi, nikauotesha, nikauanika, nikausaga kimea. Nikapika unga wa mahindi kwenye pipa, wifi akichochea moto, mimi nikikoroga. Komoni ina siku yake. Ikiiva leo ni leo. Kesho yake mchana imechacha na huwezi kumpa mtu. Kwa hiyo tulihesabu vizuri ili iive siku ya mnada, watu wakirudi na koo kavu.

Siku hiyo ilianza vizuri. Wanaume waliingia mapema, wakakaa, wakasifu. Nikauza makopo ya kwanza, nikafunga fedha kwenye pindo la kitenge. Halafu mgambo wakaja. Hawakupita njia kuu, walitokea nyuma ya kilabu, kwenye mahindi, wakasimama mlangoni wakaanza kudai stakabadhi, mmoja baada ya mwingine. Walijua mahali pa kuwapata wanaume. Watu wakatorokea madirishani. Mzee mmoja, ambaye nilidhani hawezi hata kuinama, aliruka dirisha na kopo mkononi bila kumwaga. Wachache wakakamatwa, wakafungwa kamba mikono, wakapelekwa ofisini. Kilabu kikabaki na mimi, wifi na pipa.

Mgambo mmoja akaomba kopo. Akanywa, akasema komoni yangu nzuri.

"Lipa basi," nikamwambia, "niende kukulipa hiyo kodi unayoitafuta."

"Mama, mimi niko kazini."

Hakulipa. Baada ya hapo hakuna mwanaume aliyesogelea kilabu, siku ile wala ya pili yake. Walijificha kwenye mibuni na kwenye makorongo. Komoni ikachacha. Tulichukua ndoo kwa ndoo tukawamwagia nguruwe wa wifi, wakanywa wakalala ubavu, wakikoroma. Wifi akasimama kuwaangalia.

"Angalau hawa hawaulizwi stakabadhi," akasema. Kisha akakaa chini, akafunika uso kwa kanga. Alikuwa amenipa zamu yake, na mimi sikuwa na cha kumrudishia.

Fedha niliyoifunga kwenye pindo, pamoja na ya kuku wawili niliowauza, ilitosha kodi ya mtu mmoja. Mume wangu alikuwa anapalilia kahawa nilipompelekea. Nikamwambia aende akajilipie, kwa kuwa yeye ndiye anayekamatwa. Akaipokea, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda ofisini moja kwa moja. Nilifurahi. Nilijisemea kwamba hata kama mimi nitakaa ndani bila kwenda mnadani, yeye yuko salama, hana sababu ya kuondoka, na malipo ya pili yatatukuta wote hapa.

Alirudi akanipa karatasi. Mimi shule sikwenda, lakini nilisoma kisomo cha watu wazima, jioni, chini ya bati la kanisa, mpaka nikaweza kusoma polepole kwa kidole. Nikasoma herufi ya kwanza ya jina, nikajua si lake. Nikaendelea mpaka mwisho. Lilikuwa langu.

"Umefanya nini?"

"Nimelipa kodi."

"Nilisema ujilipie wewe."

"Mama, mimi naweza kulala kwenye mibuni. Wewe una mtoto mgongoni. Utajificha wapi na mtoto anayelia?"

Nikamwambia maneno makali. Nilimwita mpumbavu, na mengine. Alisubiri nimalize, kisha akasema atavuka kwa muda mfupi tu, avune mahindi ya watu, na kahawa ikianza kuiva atakuwa hapa kuchuma. Alisema kwa uhakika uleule aliokuwa nao kwa malipo ya pili. Sikulia. Nilimkaangia mahindi ya kula njiani, nikamfungia, akaondoka asubuhi akipita mashambani, kwa sababu barabarani kulikuwa na mgambo.

Kahawa ikaiva. Nikachuma na watoto na wifi. Hakuja.

Katikati ya kuchuma, malipo ya pili yakafika. Nililisikia tangazo nikiwa juu ya ngazi, na nadhani nilikaa pale juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Balozi wetu wa nyumba kumi alinisindikiza ghalani kunithibitisha, maana fedha ilikuwa kwa jina la mume. Haikuwa nyingi. Ilikuwa ndogo kuliko ile aliyokuwa akiingoja, lakini ilikuwa imefika, kama alivyosema.

Nikatoka ghalani nikaenda ofisini, nikamlipia kodi yake. Nilikuwa nimewaza hivi: huyu haji kwa sababu anaogopa njia. Ukitoka Tunduma kuja huku, unasimamishwa. Asiye na stakabadhi anafungwa kamba kama mwizi, na yeye alikuwa mtu wa heshima. Basi nikiilipa, njia imefunguka. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, mzee Mwislamu mwenyeji wa Kigoma, aliyekuja Isansa kununua maharage na ambaye alikuwa na watu wake upande wa pili. Nilimpa ujumbe.

"Mwambie amelipiwa. Apite barabarani kama mtu."

"Nitamwambia, mama. Inshallah."

Msimu wa maharage uliofuata yule mzee alirudi na mche wa sabuni na jibu: amesikia, amefurahi, anamalizia shamba moja, anakuja. Ile sabuni niliikata vipande, kimoja nikampa wifi. Watoto niliwaambia kwamba baba yao amelipiwa, kwa hiyo anakuja. Nilipanda maharage katikati ya kahawa, jambo alilotukataza bwana shamba, lakini bwana shamba hakuwa anakula kwangu. Niliweka kimea tayari kwa zamu yangu. Siku zile ndipo nilipoelewa kwamba matumaini ya mume wangu, yaliyonichosha, yalikuwa kazi. Yeye aliifanya kwa mdomo, mimi nikaifanya kwa jembe.

Mwaka ukageuka, kodi ikatangazwa upya. Stakabadhi ya mwaka jana haikufaa tena. Nikapika komoni, safari hii siku ya kawaida, si ya mnada, ikauzika. Fedha ilitosha mtu mmoja. Nikamlipia yeye.

Wifi alikasirika. "Mimi ni dada yake na ninakuambia. Unajificha wewe kwenye mibuni ili ulipie mtu anayekula mahindi huko. Unajua kama hana mke?"

"Kama ana mke, huyo mke amlipie ya kule. Mimi nalipa ya huku."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka tukashikana mabega. Hatukuwa na furaha yoyote.

Yule mzee wa maharage alikuja mapema mwaka ule, kabla ya maharage kukauka. Nilimwona anashuka kwenye baiskeli mbali na nyumba, anaitembeza. Alikataa kiti. Alisema mume wangu alikufa kwa homa, upande wa Isoka, kulekule Zambia, mvua zilipoanza. Waliofanya naye kazi walimzika vizuri, wakamwombea. Alikuwa ameshaaga pale shambani, amefunga mzigo wake. Homa ilimkuta na mzigo umefungwa.

"Ujumbe wako nilimfikishia mwenyewe, mama. Usiwe na shaka na hilo. Alikuwa anawaambia watu kwamba yeye kwao amelipiwa."

Nikahesabu. Mvua zilikuwa zimeanza kabla ya zamu yangu ya pombe. Wakati nasaga kimea cha kumlipia kodi, alikuwa ameshazikwa.

Sikwenda kwa wifi kwanza. Nilikwenda ofisini. Sijui kwa nini, miguu ndiyo iliyonipeleka. Katibu alidhani nimefuata fedha.

"Mama, pole sana. Lakini fedha ikishaingia kwenye kitabu haitoki."

"Sikuifuata. Nimekuja ufute jina lake. Msije mkamtafuta mwakani."

Akafungua kitabu, akaliona, akaweka rula, akapiga mstari. Nikamwambia aandike pembeni amekufa, asiandike amehama. Akaandika. Alikuwa kijana. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ilimbidi aulize, "Na ya kwako mama, ya mwaka huu?"

Nikamwambia ya kwangu ataipata kahawa ikiuzwa. Akasema anaogopa malipo ya mwaka huu yatachelewa zaidi. Nikamwambia najua.

Nilipita kwa wifi, nikamwambia mlangoni, akapiga yowe, majirani wakaanza kuja. Watoto walikuwa nyuma ya nyumba. Mkubwa alikuwa ametoka kufungia mbuzi. Nikawakalisha nikawaambia baba yenu amefariki, hatarudi. Mdogo hakuelewa. Yule mkubwa akachora chini kwa kijiti, kisha akainua uso.

"Lakini mama, si tulimlipia?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Tulimlipia.