Mlango wa Jikoni kwa Orville

Zamani mwanasiasa aliingia kwako kwa mlango wa jikoni, akavua mabuti na kuomba kahawa. Siku hizi anakuachia karatasi kwenye kitasa na kutoweka kabla mbwa hajamaliza kubweka.

Ardis Lindquist alikuwa wa aina ile ya zamani. Kabla ya siasa alikuwa mtetezi wa watoto mahakamani, na wale waliotolewa kwenye nyumba za vurugu aliwaleta kulelewa shambani kwa Orville Haugen na mkewe Verna, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Hakugonga mbele hata siku moja.

"Mlango wa mbele ni wa polisi," alisema. "Hawa wameshaona polisi wa kuwatosha."

Basi kila baridi ikianza, Orville aliuziba ule wa mbele kwa nailoni na blanketi kuzuia upepo, kama majirani wote, na dunia nzima ikapitia jikoni.

Ardis alipogombea useneta wa jimbo, Orville ndiye aliyemzungusha kwa gari lake, shamba hadi shamba.

"Shuka, mama, mbwa wao haumi."

"Tangulia wewe, mzee. Una nyama nyingi, atashiba kabla hajanifikia."

Alishinda. Akapitisha sheria kwamba mtoto asisimame peke yake mbele ya hakimu. Na Jumamosi alirudi kwenye kiti kile kile kando ya jiko, akila keki ya Verna na kusikiliza kila mtoto.

Kisha vikao vikazidi, Jumamosi zikapungua. Watoto wakakua, wakaenda zao. Verna akafa, Ardis akatuma maua na kadi iliyoandikwa kwa mashine. Orville hakumlalamikia mtu. Ila kila Jumamosi aliweka vikombe viwili mezani.

Februari iliyopita gari likaingia uani. Kupitia dirishani akamwona Ardis akishuka, nywele nyeupe kabisa, na mtu wake wa kampeni mwenye simu sikioni. Mzee akabandika kahawa, akafungua mlango wa jikoni wazi, baridi yote ikaingia.

Wakagonga mbele.

"Ardis! Zunguka huku jikoni, mama!"

Upepo ulikuwa mkali, na blanketi likameza sauti. Wakagonga tena, kisha kimya. Orville akatoka bila koti, akaizunguka nyumba, theluji magotini. Alipofika kona, gari lilikuwa tayari linakata kona kwenye sanduku la barua, kule barabarani. Ardis alikuwa kiti cha nyuma, amegeuka, akiutazama mlango wa mbele ambao haukufunguka.