Kopo Lenye Marashi

Daktari anayetafiti kwa nini watu wengine hula wakazidi kukonda hulipokea kila kopo lenye choo cha mgonjwa kwa mikono miwili, kama sahani ya halua. Hulifungua, akanusa, akafumba macho. Mwaka wa sitini na tisa Bi Time alimletea la bintiye Shemsa, ambaye majirani wa Bububu walisema kapatwa na kijicho. Daktari akanusa, akafumbua macho.

"Bi Time, umetia marashi?"

"Nliona haya, mwanangu. Nkuletee uvundo?"

"Uvundo ndio nnaoutaka. Lete jengine, usitie kitu."

Kesho yake akalileta, kajiziba pua kwa buibui. Daktari akanusa, akainamia hadubini, akaona mafuta yametapakaa.

"Kongosho lake halisagi mafuta. Dawa ipo. Atanenepa."

Bi Time akaliachia buibui, akaivuta ile harufu kama aliyefukizwa udi.