Lori Alilolizuia Nduwayezu

Siku hizi mtu akitaka kujua gari linaumwa nini analichomeka waya, kisha anasubiri kioo kimwambie. Nduwayezu alikuwa akitandika maboksi yaliyofunguliwa chini ya malori jioni, na asubuhi, madereva wakiwa bado wanatafuta chai, alikuwa ameshachuchumaa anayasoma. Doa jeusi ni oili ya injini. Maji yenye kutu ni rejeta. Doa la dizeli chini ya tanki lilimfanya asimame na kumtazama dereva wa gari hilo, kwa sababu wote wawili walijua kuwa tanki halijifungui lenyewe.

Yadi hiyo ilikuwa Kibondo mjini, mali ya Hilali, mfanyabiashara wa Kasulu aliyeanza na lori moja la kubebea maharage. Warundi walipomiminika mwaka 1993 na mahindi ya msaada yakafuata nyuma yao, Hilali alipata kazi ya kuyasambaza makambini. Akanunua malori mpaka lango la yadi likawa halifungiki vizuri. Akahitaji mtu wa kuyatunza na kuandika habari zake, akamchukua Nduwayezu, ambaye ufundi wake aliupata akiwa utingo wa lori la misheni.

Mimi nilikuwa seremala, nikiwatengenezea bodi za mbao za malori, kwa hiyo niliiona kazi yake kwa miaka. Kila lori lilikuwa na jalada lake: lini limebadilishwa oili, limefungwa tairi gani na tairi hilo limetoka wapi, nani aliliendesha na alisema nini aliporudi. Hakuna ufunguo uliotoka kabla dereva hajalizunguka gari pamoja naye, mkono wa dereva ukigusa kila tairi. Akikuta kasoro ambayo haijatengenezwa, alifunga kwenye usukani kibao cha mbao chenye neno LISITOKE, na hata Hilali hakukifungua.

Sisemi kuwa alipendeka. Alikuwa mkavu, haombi msamaha, hacheki utani wa mtu. Madereva walimwita Daktari wa Maboksi. Aliyemwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kipriani, na huyo alikuwa shemeji yake.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana vijana hawatanielewa. Nduwayezu alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, kijana ambaye ndevu hazijaota, akiongoza mama yake mgonjwa. Walifika Murungu kwa mzee mmoja Muha aitwaye Stanislaus. Mzee hakuuliza karatasi. Alimpa sehemu ya kulala, akamtazama akilima msimu mzima, kisha siku ya pombe ya ndizi akamwita mbele ya wanaume wa kijiji, akachomoa mrija wake mwenyewe kwenye chungu na kumkabidhi anywe. Basi. Kwetu mtu aliyepewa mrija wa mwenye nyumba alikuwa mtoto wa nyumba hiyo, na anayesema vinginevyo alikuwa amemtukana mwenye nyumba. Baadaye Stanislaus alimpa binti yake, Dorcas, na kipande cha shamba cha kupanda migomba. Kipriani alikuwa mdogo wake Dorcas. Alikuwa amebebwa mgongoni na Nduwayezu huyo huyo.

Kuna wakati mwalimu wa parokia alimshauri Nduwayezu ajaze fomu za uraia. Alikwenda kwanza kumwambia mkwe wake, kama adabu ilivyotaka. Mzee Stanislaus akamuuliza kama mrija wake ulikuwa umempa kiungulia. Nduwayezu aliona aibu. Fomu hakuigusa tena, na hata mzee alipokufa hakuigusa, kwa sababu kuijaza wakati huo kungekuwa kama kumcheka marehemu. Mtu ambaye hakuruhusu spana itoke stoo bila sahihi alikaa nchini miaka yote ile bila hata kipande cha karatasi kinachosema yeye ni nani.

Mwaka 1997, mvua za vuli zilipokaribia, lori la Kipriani lilikuwa limelala na kibao kwenye usukani. Lilikuwa na breki za upepo, na ule mpira wa ndani unaosukumwa na upepo ulikuwa umepasuka kwenye gurudumu la nyuma. Nduwayezu alimwomba Hilali anunue mwingine, Hilali akawa anasema kesho. Kipriani alishinda yadini akipigwa jua na kutaniwa na wenzake kuwa ameoa boksi. Alimbembeleza shemeji yake, akamtuma na Dorcas ambembeleze. Jibu lilikuwa lile lile: gari likipakiwa halitasimama kwenye mteremko wa mto Malagarasi.

Ndipo ikatoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya makambi wakusanywe. Askari walipita vijijini wakiwatoa watu mashambani, wengine na majembe mkononi. Walihitaji magari. Walifika yadini kwa Hilali asubuhi, malori yote mazima yakiwa safarini na madereva wasio zamu tu wakiwapo, na Hilali, ambaye hakutaka kuonekana mkaidi, akawaonyesha lile la Kipriani.

Nduwayezu alisimama mbele ya mlango wa gari. Aliwaeleza habari ya breki, kwa utaratibu, kama alivyowaeleza madereva kila siku. Mkuu wao alisema watu wako njiani wanasubiri, afungue. Nduwayezu alisema gari hili halina ruhusa ya kutoka, jalada lake linasema hivyo, na yeye hawezi kutia sahihi.

Yule askari hakukasirika. Nimeambiwa alitabasamu.

“Unapenda karatasi, mzee. Nionyeshe yako.”

Nduwayezu alitoa mfukoni stakabadhi za kodi, zimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Askari alizipitia na kusema hizo zinaonyesha amelipa, hazionyeshi ametoka wapi. Nduwayezu akasema yeye ni wa nyumba ya Stanislaus wa Murungu, na mtoto wa mzee huyo ndiye yule pale, aulizwe. Watu wote wa yadi wakageuka kumtazama Kipriani.

Neno moja lilitosha. Kiha chao na Kirundi cha Nduwayezu vilikuwa vimeshachanganyika mpaka hata mimi sikuweza kuvitenganisha. Kipriani angesema “huyu ni kaka yangu” na askari wangetafuta mtu mwingine. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, lori lilikuwa limemlaza bila kazi, na sehemu ya shamba la baba yake ilikuwa imepewa mgeni.

“Huyu mwenyewe haruhusu kitu kisicho na jalada,” Kipriani alisema. “Muulizeni la kwake liko wapi.”

Madereva walicheka. Dorcas anasema hicho ndicho mumewe alichokisimulia kwanza walipoonana, hakuanza na kukamatwa wala kusukumwa. Alianza na kicheko.

Watu waliokuwa njiani wakaletwa yadini kupakiwa. Walipokuwa wanampandisha Nduwayezu, aliona wanawake waliokwisha kupakiwa, wenye watoto mapajani, akaomba spana. Hilali, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitazama chini, alimwombea kwa askari. Nduwayezu akaingia uvunguni. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuukuu, akakitia kwenye breki pale pa ule uliopasuka. Ilikuwa kazi ya kubabaisha, ile ile aliyowafukuzia mafundi wawili. Alipotoka alijifuta mikono, akafungua kibao kwenye usukani kwa mkono wake mwenyewe, akapanda nyuma na wengine. Kipriani akawasha.

Barabara ya kwenda Kasulu mnaijua. Kwenye mteremko wa Malagarasi wanawake walianza kusali, maana Nduwayezu alikuwa ameinama pembeni mwa bodi akisikiliza gurudumu la nyuma, na uso wake uliwatisha. Breki zilishika. Zilishika mpaka chini, zikashika na darajani, zikashika mpaka langoni mwa kambi.

Kipriani alishuka, akazunguka nyuma kuteremsha ubao wa bodi. Alimngoja shemeji yake aguse ardhi ndipo akasema, wote wasikie:

“Kumbe ni kipande cha mpira tu. Umenilaza mwezi mzima kwa kipande cha mpira, Daktari.”

Nduwayezu alimwambia asilipakie kurudi, na aulize spea kwa Hilali. Alikwenda kukaa kwenye foleni ya kuandikishwa.

Dorcas alimfuata baada ya mavuno ya maharage. Langoni alielezwa kwamba yeye ni Mtanzania, anaweza kumsalimia mumewe na kuondoka kabla ya jua kuzama. Alikuja hivyo mara kadhaa, akitembea na kuomba lifti. Huko Murungu, Kipriani alikuwa ameanza kuvuna ile migomba, akisema anaitunza. Dada yake alipomlalamikia alimjibu kwamba mume wake yupo, amfuate, shamba ni la watoto wa Stanislaus wa kiume.

Alichofanya Dorcas mnajua kinawezekana kwetu tu, mpakani hapa, ambako lugha ya mama yako haikutoi wala haikuingizi. Siku ya kuandikisha wapya alijifunga kitenge kichakavu, akasimama kwenye foleni ya waliovuka wiki ile, na alipofika mezani akataja kilima, kama wanavyoita kijiji kule Burundi, alikozaliwa mama mkwe wake. Karani alimuuliza jina la mtendaji wa huko. Akalitaja, alikuwa amefundishwa na wanawake wa kambi. Akaulizwa mume. Akaonyesha kwa kidole.

Nduwayezu aliitwa athibitishe. Alikuwa amewahi kumrudisha yadini dereva aliyekwisha kuingia barabarani, kwa sababu ameandika tarehe ya jana. Alisimama mbele ya meza ile, akamtazama mkewe, binti wa mtu aliyempa mrija wake, akijitangaza mgeni katika nchi ambayo babu zake wamezikwa. Karani akauliza tena kama mwanamke huyu ni Mrundi.

“Andika,” Nduwayezu alisema.

Karani akaandika, wakapewa kadi moja ya chakula. Walipoondoka mezani Dorcas alimshika mkono, lakini yeye aligeuka kuitazama ile karatasi ikiwekwa ndani ya jalada.