Kidole cha Mkunga

Mkunga huyu anapoutegea sikio moyo wa mtoto aliye tumboni kwa pembe yake ya mbao, kidole chake huyapiga mapigo gotini kwa mama, upesi kama mvua juu ya bati. "Anakimbilia wapi, na mlango ni mmoja?" hutania. Leo uchungu ulipopita, kidole kilikawia, na mwendo wake haukurudi. "Lala ubavu, mwanangu," alisema kwa sauti ya kuagiza chai. Kwenye simu hakupamba: "Daktari, mtoto anakosa hewa. Mapigo themanini, na hayapandi." Mama alitazama kidole tu: mdomo wa mkunga hutuliza watu, kidole hakijui kuongopa. Lakini nje ya chumba cha upasuaji, ambako mkunga hakuwa na cha kusikiliza, kidole kiligonga ukuta upesi kama mvua juu ya bati, kikaongopa hivyo dakika kumi na mbili, mpaka mtoto akalia.